Mama Avumilie Mpaka Lini?



Mama akija kwa mchungaji na uso uliovimba, mara nyingi huambiwa: "Vumilia, mama, umwombee mumeo." Mimi mwenyewe nimewahi kusema hivyo. Leo tuwatazame Wakristo wa Marekani katika karne ya 19, maana walipambana na swali hilohilo.

Wakati ule pombe ilikuwa imezidi. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu na mwaka 1830 Wamarekani walikunywa zaidi ya mara mbili ya wanavyokunywa leo. Na kwa desturi ya sheria, mwanamke akiolewa, mali yake na mshahara wake vilikuwa vya mume. Aliweza kufua nguo za watu kutwa nzima, mume akachukua fedha akanywea, asiwe na pa kushtaki. Katika jimbo la New York talaka ilitolewa kwa uzinzi tu. Ulevi na kipigo havikutosha.

Mwaka 1868 mahakama ya juu ya North Carolina iliamua kesi ya mume aliyemchapa mkewe fimbo tatu. Hakuadhibiwa. Majaji hawakusema ana haki ya kupiga. Walisema kufunua pazia la nyumba mbele ya watu ni ubaya mkubwa kuliko fimbo hizo.

Ndugu zangu, pazia hilo lilimfunika nani? Lilimfunika aliyeshika fimbo.

Wanawake hawakukaa kimya. Mwaka 1852 Susan B. Anthony alinyimwa nafasi ya kusema katika mkutano wa kupinga ulevi huko Albany, kwa sababu ni mwanamke. Yeye na Elizabeth Cady Stanton wakaanzisha chama chao. Stanton alipotaka mke wa mlevi aruhusiwe kuachana naye, wengi walishtuka, na mwaka 1853 hakuchaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Lakini mwaka 1860 sheria ya New York ilimpa mke haki ya mshahara wake.

Desemba 1873, huko Hillsboro, Ohio, akina mama wakiongozwa na Eliza Thompson walitoka kanisani wakaenda kwenye vilabu vya pombe, wakapiga magoti na kuomba. Waliomba kweli, lakini waliomba huku wakitembea.

Wengine watasema kosa ni la pombe tu. Hapana. Wapo walevi wasiopiga, na wapo wanaopiga bila kuonja hata tone. Pombe huwasha moto, lakini aliyemfungia mama mlango ndani ya moto ule ni sheria, pamoja na sisi tuliomwambia anyamaze.

Someni habari za Abigaili katika 1 Samweli 25. Mume wake Nabali alikuwa mkorofi na mlevi. Abigaili hakukaa kumfichia siri mpaka nyumba nzima iangamie. Alipanda punda akaenda kumsihi Daudi asiiangamize nyumba yake, wala Daudi hakumkemea.

Uvumilivu ni tunda la Roho, lakini halikuagizwa kwa mke peke yake. Baba naye ameagizwa upole na kiasi.

Siku hizi mama akija kwangu, kabla ya kuomba naye namuuliza kwanza: "Usiku wa leo utalala wapi, wewe na watoto?"