Kupima Ubao na Kupima Neno

Wasomaji wetu wengi wamepata kukiona kibao kidogo kwenye njia panda, chenye msalaba na mshale, kikionyesha njia ya kwenda parokiani. Mgeni aingiaye mjini Jumamosi jioni hukitafuta kwanza, apate kujua kesho yake atasali Misa wapi. Je, wakuu wa mji wana haki ya kukiwekea sheria kibao hicho? Wengine hujibu upesi kwamba hawana, maana ni kitu cha Mungu. Wengine husema wanayo haki yote, maana barabara iko chini yao. Sisi twaona kwamba majibu hayo mawili yametolewa kwa haraka mno, na ili tulifikiri jambo lenyewe vema, twapenda kusimulia kisa kilichotukia Marekani.

Katika mji wa Gilbert, jimbo la Arizona, lilikuwako kanisa dogo la ndugu zetu Waprotestanti, jina lake Good News Community Church, na mchungaji wake ni Clyde Reed. Watu wazima waliohudhuria ibada walikuwa kama 25 au 30, pamoja na watoto wachache. Jengo lao wenyewe hawakuwa nalo; walisali katika shule na mahali pengine walipokaribishwa. Basi kila Jumamosi mapema walisimamisha vibao 15 au 20 kandokando ya barabara, vyenye jina la kanisa, mahali na saa ya ibada, na Jumapili adhuhuri waliviondoa. Asiye na mnara wala kengele angefanya nini zaidi?

Mwaka 2005 watumishi wa mji waliwaandikia kosa, kisha wakawaandikia tena, ya kuwa vibao vimekaa kupita muda wake, na mara ya pili kwamba havikutaja tarehe. Kibao kimoja kilichukuliwa, mchungaji akalazimika kukifuata katika ofisi za mji. Na sheria yenyewe ilikuwaje? Kwa jinsi ilivyosomeka baada ya kurekebishwa mwaka 2011, kibao chenye kutangaza fikira au maoni kiliweza kufika futi 20 za mraba, tena bila ukomo wa siku. Kibao cha siasa wakati wa uchaguzi kiliweza kufika hata futi 32 za mraba mahali pasipo makao ya watu. Lakini kibao cha kumwonyesha mtu njia ya kwenda kwenye ibada kiliruhusiwa futi 6 tu, kisimamishwe si zaidi ya saa 12 kabla ya ibada, kiondolewe katika saa 1 baada ya kwisha. Yaani ibada ikianza saa 3 asubuhi, kibao kisionekane kabla ya saa 3 usiku, giza limekwisha kutanda.

Wakuu wa Gilbert walijitetea kwamba walitaka kulinda uzuri wa mji na usalama wa madereva. Hayo ni mambo mema, wala hatuyadharau. Lakini kibao cha futi 32 cha mgombea chawezaje kuwa kizuri kuliko cha futi 6 cha kanisa? Dereva hupotezwa macho na mshale wa kanisa, asipotezwe na sura ya mwanasiasa? Tarehe 18 Juni 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri hilo, na majaji wote 9 walikubaliana kwamba mji umekosa. (Siku ileile Roma ilitoa waraka wa Baba Mtakatifu Fransisko, Laudato Si', ambamo, akisema juu ya miji, alihesabu uchafuzi wa mbele ya macho pamoja na kelele katika mambo yanayowachosha wakazi. Kwa hiyo asije mtu akadhani Kanisa laona uzuri wa mji ni upuuzi.)

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha zamani kwamba sheria ni agizo la akili kwa ajili ya manufaa ya wote, na kwamba yaweza kuwa ya dhuluma hata ikiwa nia yake ni manufaa hayo, endapo mzigo wake wagawiwa watu bila usawa. Maneno hayo ya mwisho yatosha kuihukumu sheria ya Gilbert. Shabaha yake ilikuwa njema, ila mzigo uliwaangukia watu thelathini wasio na jengo. Tena uliwaangukia kwa sababu mtumishi wa mji hakuweza kujua kibao kina kosa au hakina mpaka akisome kwanza. Alipaswa kuupima ubao, akalipima neno.

Hata hivyo hatusemi vibao viachwe vijiotee kama magugu. Tarehe 13 Mei 2024 katika mtaa wa Ghatkopar, mjini Mumbai, nchi ya India, dhoruba ya vumbi iliangusha bango la biashara juu ya kituo cha petroli. Watu 17 walikufa, na zaidi ya 70 wakaumia. Kikomo kilichowekwa na mji kilikuwa futi 40 kwa 40. Bango lile lilikuwa futi 120 kwa 120, maana yake eneo lake lilizidi kikomo mara 9. Lilisimama katika kiwanja cha polisi wa reli, na wakuu wa mji walisema hawakulitolea ruhusa. Lakini lilionekana mchana kweupe, wala hapakuhitajika kusoma hata herufi moja ili kujua kwamba limepita kiasi. Kule Arizona waliona futi chache za mbao. Huku hawakulishusha jabali la chuma. Twauliza tu: je, miji yetu haina tabia hiyo? Kibao cha mama lishe hung'olewa asubuhi moja na kutupwa garini, na bango refu kupita mnazi hudumu mwaka hata mwaka, kwa kuwa mwenyewe analilipia.

Twakiri kwamba swali hili latuchoma sisi wenyewe. Wakristo wengi wangependa halmashauri iondoe matangazo ya pombe yaliyo mbele ya shule, na sisi tu pamoja nao. Je, huko si kulipima neno? Ndiyo, kwa sehemu. Katika shauri lile la Gilbert jaji Elena Kagan, ingawa alikubali kwamba mji umekosa, alionya kwamba wenzake wameweka kanuni kali mno, itakayoangusha hata sheria nyingi za miji zenye busara. Onyo lake twaliona la haki. Lakini tukiomba, tuombe kwa kiasi. Mtakatifu Tomaso huyohuyo alisema sheria ya wanadamu haikatazi kila ubaya, ila ule mzito zaidi, hasa udhuruo wengine. Tangazo la pombe mbele ya shule lawaita watoto kwenye kitu ambacho sheria yenyewe imekataza wasiuziwe. Hapo halmashauri ina sababu iliyo wazi, iwezayo kuandikwa na kusomwa na wote. Tukienda mbali zaidi, tukataka liondolewe kila neno lisilotupendeza, tutakuwa tumempa mtumishi wa mji rula ileile aliyopimiwa mchungaji Reed, na kesho atakuja nayo kwenye mshale wa parokia.

Jambo moja limebaki, nalo si la halmashauri. Vipo vitambaa vya jubilei zilizokwisha kusahauliwa, ambavyo bado vimepigiliwa misumari kwenye miembe, rangi imeondoka, hata jina la mwadhimishwa halisomeki. Wale waumini wa Gilbert waliondoa vibao vyao kila Jumapili adhuhuri. Twaomba halmashauri za walei, kabla ya kuandika barua ya malalamiko kwa mkurugenzi, zitume vijana wawili wenye ngazi na koleo.