Waliotoka Dakika ya 85

Pale Uwanja wa Mkapa kuna mashabiki ambao ikifika dakika ya 80 wameshainuka. Wanawahi daladala kabla umati haujafurika Temeke, na bao likiingia nyuma yao watalisikia kwenye redio ya gari. Nyumbani tabia hiyo haimgharimu mtu sana. Ugenini ni jambo jingine, kama walivyojionea marafiki wanne wa Kariakoo. Marafiki wenyewe ni wa kubuni. Tarehe na mabao ni ya kweli.

Januari 2024 walikuwa Ivory Coast kuifuata Taifa Stars kwenye AFCON. Walikodi gari Abidjan, wakaenda San-Pédro, mji wa bandari kusini magharibi, na tarehe 17 wakaishuhudia Stars ikilala 3-0 mbele ya Morocco. Tarehe 21 ilikuwa zamu ya Zambia, hapo hapo. Mechi ya tatu, dhidi ya Kongo, ilikuwa tarehe 24 Korhogo, kaskazini kabisa, zaidi ya kilomita 600. Ratiba waliijua kwa moyo. Ramani hawakuifungua mpaka asubuhi ya mechi ya Zambia, na ndipo mkubwa wao, aliyekuwa dereva, akaanza kuingiwa na hofu.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kule magari hupita kulia, na barabara ya Soubré ina malori ya kakao. Kulipita lori usiku kwa mkono uliozoea kushoto si mchezo. Dawa yake ilikuwa kulala San-Pédro na kuondoka alfajiri, maana siku mbili nzima zilikuwa mbele yao. Yeye akaona dawa ni kuondoka mapema zaidi.

Mambo yenyewe yalimpa moyo. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, na kabla ya mapumziko Rodrick Kabwe wa Zambia akalambwa kadi nyekundu. Ilipofika dakika ya 85, giza limeshaingia, akasimama.

"Twendeni, wadogo zangu. Hawa wako kumi, watafanya nini?"

Mdogo wao alinung'unika, lakini funguo za gari hazikuwa mfukoni mwake.

Njiani redio iliongea Kifaransa tupu. Simu nne zilikuwepo, bando halikuwepo hata kwenye moja: kununua laini ya pale waliona ni kupoteza hela wakati hoteli ina waifai. Basi wakapiga hesabu. Pointi tatu mkononi, Kongo wana mbili. Sare tu Korhogo na Stars inavuka kundi kwa mara ya kwanza katika historia. Wakaimba mpaka Soubré, wakalala nyumba ya wageni isiyo na intaneti, wakaamka wanaimba.

Mchana wake, mgahawani Daloa, samaki na ndizi za kukaanga vikiwa mezani, televisheni ikarudia mabao ya jana. Kona ya Zambia, dakika ya 88. Mpigaji ni Clatous Chama, yule yule wa Simba ambaye wawili kati yao walikuwa na jezi yake nyumbani. Patson Daka akaruka, kichwa, wavuni. Mhudumu alipoona nyuso zao akadhani hawajaelewa, akawaonyesha kidole kimoja cha mkono huu na kimoja cha mkono ule.

Pointi ilikuwa moja. Kongo sasa ilikuwa lazima ifungwe.

Mdogo wao alinunua laini hapo hapo Daloa, kwa hela yake, akakataa kumwazima mtu. Korhogo walifika mapema, wakakaa mpaka mwamuzi alipopuliza filimbi ya mwisho, na dereva ndiye aliyekuwa wa mwisho kuinuka. Matokeo yalikuwa 0-0. Sare waliyoiombea njia nzima ya Soubré waliipata, na Kongo ndio waliovuka nayo.