Vyuma Vilihesabiwa, Watu Je?

Ukitaka kujua mtu anathamini nini, usimuulize. Fungua daftari lake la hesabu.

Aprili 1794 meli ya Kireno, São José Paquete d'Africa, iliondoka Lisbon na vipande zaidi ya 1,400 vya chuma. Havikuwa bidhaa bali farumi, uzito unaowekwa tumboni mwa chombo kisiende mrama. Meli ilikuwa inakwenda Msumbiji kuchukua watumwa na kuwapeleka Maranhão, Brazil. Binadamu ni mwepesi kuliko shehena ya kawaida, kwa hiyo uzito uliopungua ulifidiwa kwa chuma. Karani aliviandika vyuma hivyo kwenye orodha ya shehena.

Desemba ya mwaka ule ule, meli iliondoka Msumbiji na watu zaidi ya 400. Tarehe 27 ilivunjikia kwenye miamba karibu na ufuko wa Clifton, Cape Town, ambako maji ya Atlantiki ni ya baridi kali hata wakati wa kiangazi. Nahodha na mabaharia wake waliokoka. Watumwa zaidi ya 200 walikufa maji, na walionusurika wakauzwa huko huko Cape.

Miaka ya 1980, wasaka hazina walipiga mbizi pale wakadhani wamepata meli ya Kiholanzi ya zamani zaidi. Vyuma havikuwatia tamaa. Ni mwanaakiolojia Jaco Boshoff, wa makumbusho ya Iziko ya Cape Town, aliyeingiwa na shaka: mabaki yalikuwa na mabamba ya shaba, na meli za zama za ile ya Kiholanzi zilikuwa bado hazijaanza kuvikwa shaba. Akafukua nyaraka za Cape mpaka akapata maelezo ya nahodha. Kisha ile orodha ya Lisbon ikamaliza ubishi: ilikuwa São José. Chuma ambacho mwenye tamaa alikiona takataka ndicho kilichowatolea watu wale ushahidi.

Baadhi ya vyuma hivyo viliazimwa Washington, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Historia na Utamaduni wa Wamarekani Weusi, yaliyofunguliwa Septemba 2016. Unashuka chini ya ardhi kwa lifti kubwa, na ukutani unaona miaka ikirudi nyuma. Huko chini, kwenye mwanga hafifu, nilivikuta: vipande vizito, vyeusi, vimeliwa na chumvi. Niliwaza kwamba kila kimoja kilikaa pale kwa ajili ya uzito wa mtu, na majina ya watu hao hatunayo.

Sisi tunaoishi ughaibuni nasi tuna madaftari yetu. Hapa Washington, Maryland na Virginia, akifariki mwenzetu hatulali. Simu zinapigwa, kamati inaundwa, fedha za kusafirisha mwili zinapatikana. Ni jambo la kujivunia. Lakini jioni moja, katika ukumbi wa chini wa kanisa huko Silver Spring, mweka hazina alipomaliza kusoma nani katoa kiasi gani, mzee mmoja aliuliza, "Marehemu kwao ni wapi?" Akajibiwa, "Moshi." "Moshi ya wapi?" Tukatazamana. Alikuwa ameishi nasi miaka mingi, tumekula naye pilau kwenye harusi zetu. Tulijua fedha zilizobaki kufikia nauli ya jeneza, lakini hatukujua jina la mama yake.

Mwaka 2015, chifu wa Wamakua huko Mossuril, Msumbiji, alitoa udongo wa kwao katika chombo kilichopambwa kwa kauri ili ukamwagwe pale Clifton, wafu wale wapate kulala katika ardhi yao. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 220. Hakuwa na orodha ya majina. Alijua tu kwamba ni watu wake, na hilo lilimtosha kuwajibika kwao. Sisi hatuna kisingizio hicho cha miaka, maana wa kwetu tunakutana nao msikitini, kanisani na kwenye harusi.

Basi nawaomba wenye kamati: ukurasa wa fedha mnaujua, na uendelee. Ongezeni ukurasa wa watu: kwao wapi, ni mtoto wa nani, anafanya kazi gani, ana mgonjwa gani nyumbani. Na ujazwe wakiwa hai, kwa kutembeleana, kabla mweka hazina hajaitwa.