Mwenye Kutazama Tu, Je, Hana Deni?

Wasomaji wetu wa Mombasa, Malindi na Lamu huenda wakastaajabu kuona swali la bahari limezuka Nairobi, tena katika mtaa wa viwanda, mahali ambapo maji yaonekanayo ni ya Mto Ngong, nayo hayatazamiki. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Darsa yetu ya baina ya Magharibi na Isha huhudhuriwa na wapakiaji wa mizigo, mafundi wa mitambo, makarani, na vijana wa zamu ya usiku wanaokuja na chakula chao mkononi. Wengi wao asili yao ni pwani. Hata barabara za huku zimepewa majina ya kwetu: iko ya Likoni, iko ya Lunga Lunga, na maelfu ya watu wapitao humo kila siku hawajapata kuiona Likoni wala Lunga Lunga yenyewe.

Vijana hawa walikuwa na chama cha kuchangia kila mwezi. Nia yao ilikuwa mwisho wa mwaka wapande gari la moshi mpaka Mombasa, wateremke Shimoni, wakodi mashua na mwongozaji wa kuwapeleka Kisite na Wasini, wazame kwa miwani na mrija wa kupumulia watazame matumbawe na samaki, kisha jioni warejee. Mmoja wao, kijana mpole asiyesema sana, akatuuliza: kutoa fedha nyingi namna hii kwa furaha ya siku moja, je, si israfu?

Tulimjibu upesi, na upesi wetu huo ndio uliotuleta kwenye kuandika haya. Tulisema kwamba asili ya mambo ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Tulisema kwamba Qur'ani, katika Sura ya Ankabut, yawaamrisha watu watembee katika ardhi watazame jinsi uumbaji ulivyoanza, na chini ya bahari nako ni katika milki ya Mwenyezi Mungu. Aliyetimiza haki ya mkewe, watoto wake, wazazi wake na wanaomdai, kisha kilichosalia akajiburudisha nacho kwa halali, huyo si mfujaji. Mavazi yasitiri, heshima ya waume na wake ilindwe, na Sala isipotezwe kwa kisingizio cha mashua. Hayo yajulikana, hatuna haja ya kuyarefusha. Tukaongeza neno kwa wazee waliokunja uso: kwamba twawajua watu wanaokodi mabasi mazima kwenda kuzuru makaburi ya mbali, wakachinja na kupika na kula siku tatu, wala hatukupata kuwasikia wakiuliza juu ya israfu. Vijana wakacheka, nasi tukadhani swali limekwisha.

Usiku ule alikuwapo mzee mgeni, mvuvi wa Mkwiro, mji ulio upande wa mashariki wa Kisiwa cha Wasini, aliyekuja kumtazama mwanawe anayefanya kazi huku. Akaomba ruhusa aseme. "Shekhe wangu, uliyoyasema ni haki. Lakini hao samaki wanaokwenda kutazamwa, sisi tulikatazwa kuwavua ili wao wapate kutazamwa. Nauliza: mwenye kutazama tu, je, hana deni?"

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba atupe muda mpaka wiki ya pili.

Khabari yenyewe ni hii. Kusini ya Wasini viko visiwa vidogo: Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, Liwe la Jahazi, na Kisite. Mwaka 1973 Serikali iliyatenga maji yao yawe hifadhi, na mwaka 1978 mipaka ikatangazwa upya. Sehemu ya Kisite, kilometa za mraba 28, ikawa ni marufuku kuvua kitu chochote. Sehemu ya Mpunguti, kilometa za mraba 11, ikaachiwa uvuvi wa kienyeji. Siku hizi msimamizi ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na kila mgeni hulipa ada kabla ya kuingia. Lakini Wavumba na Wachifundi walikuwa wakivua maji yale kwa mishipi na madema tangu enzi za mababu zao, na mahali samaki walipo wengi na bahari imetulia ndipo palipofungwa.

Hatutaki kuudhulumu upande wa pili. Samaki wakiachiwa pahali pa kuzalia na kukulia huzidi, na baadhi yao hutoka nje ya mpaka wakavuliwa. Wako wavuvi, tena ni ndugu zetu, walioburura majuya mpaka yakang'oa matumbawe, na wako waliotumia baruti. Mwaka 1998 bahari ilipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi ya pwani yetu yakafa, yakabaki meupe kama mifupa. Bahari iliyopata pigo kama lile yahitaji kupumzishwa. Anayesema iachwe wazi kila mtu afanye apendavyo hakuitakia kheri, wala hakuwatakia kheri wavuvi.

Basi tukarejea kwenye vitabu. Neno la jambo hili katika sharia yetu ni hima, yaani mahali palipozuiwa. Zama za Jahiliya mkubwa wa kabila alikuwa akijizuilia malisho mazuri, wanyama wake wakala humo peke yao, kisha wakaenda wakala na katika malisho ya wenzake pia. Mtume (s.a.w.) aliibatilisha desturi hiyo. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Saab bin Jaththama, maana yake ni kuwa hima haiwi ila ni ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake, ndiyo kusema kwa maslaha ya umma. Yeye mwenyewe (s.a.w.) alipazuia Naqii, na Sayyidna Umar akapazuia Sharaf na Rabadha. Kwa hiyo kuzuia si dhuluma kwa asili yake. Linalobaki ni kujua anayezuiwa ni nani.

Na hapo ndipo Bukhari alipotuwekea hazina. Amepokea kwamba Sayyidna Umar alimweka mlinzi wa hima, mtu aliyemwacha huru, jina lake Hunayy. Akamwonya aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwagiza amruhusu kuingia mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache, na ajihadhari na wanyama wa Ibn Auf na wa Ibn Affan. Hao wawili ni katika masahaba wakubwa, na mmoja wao akaja kuwa Khalifa. Lakini walikuwa matajiri, na wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurejea. Maskini wanyama wake wakifa atamjia Umar na wanawe akilia, na Umar hataweza kumwacha. Basi kumpa nyasi ni rahisi kwake kuliko kumpa dhahabu na fedha. Kisha Sayyidna Umar akakiri jambo ambalo watawala ni wachache wanaolikiri: kwamba wenyeji wa pale wanaona amewadhulumu, kwa kuwa ile ni nchi yao, waliipigania katika Jahiliya na wakasilimu nayo ikiwa mikononi mwao. Na Mawardi, aliyefariki mwaka 450 wa Hijra, ameandika waziwazi katika kitabu chake cha hukumu za utawala kwamba haijuzu hima kuwekewa matajiri wakaachwa maskini.

Sasa tulinganishe. Kisite, mwenye fedha ya ada huingia, hata wakiwa watu hamsini katika jahazi moja. Mwenye dema moja hurudishwa. Hunayy aliamrishwa kinyume cha hayo. Tutaambiwa: mgeni hatwai kitu, hutazama tu, na mvuvi hutwaa. Ni kweli. Lakini aya ya 14 ya Sura ya Nahl, inapohesabu neema za bahari, imeanza na nyama mbichi ya kula, kisha mapambo ya kuvaa, kisha majahazi. Hatusemi kwamba mpangilio wa maneno peke yake ni hukumu. Twasema kwamba aliyekosa neema ya kwanza ili mwenzake apate ya kutazama ametoa kitu, na aliyepokea hawezi kusema hakupewa. Mgeni hadaiwi samaki. Anadaiwa subira ya mtu mwingine, na ada ya mlangoni haiendi kwa mtu huyo.

Tutaambiwa pia kwamba wenyeji wamepata kazi. Hilo nalo ni kweli, na twamshukuru Mola. Wako manahodha na waongozaji, na wako kinamama wa Wasini waliotengeneza njia ya mbao juu ya matumbawe ya kale yaliyoachwa na bahari, na wageni hulipa wakapita. Lakini wageni wengi hufika wakiwa wamekwisha lipia safari yao huko mahotelini Diani, na kazi za mashua humwendea mwenye mashua na kijana ajuaye Kiingereza. Mzee wa dema hana Kiingereza wala mashua.

Wiki ya pili tukamjibu mzee mbele ya darsa: ndiyo, mwenye kutazama ana deni. Safari haikuharamika, ila ina haki ndani yake. Wakodi chombo cha mwenyeji, mwongozaji awe mwenyeji, wale kwa kinamama wa kisiwani walipe bila ya kuombaomba kupunguziwa, wasikanyage matumbawe wala kuwafukuza pomboo. Na wenye sauti mbele ya Serikali wadai hifadhi iwe na mlango wa mwenye dema moja kabla ya mlango wa mwenye jahazi. Mzee akatikisa kichwa. Alisema tu, "Basi nendeni nao, Shekhe, mkaone."

Tukaenda nao mwezi wa Disemba uliopita, wakati wa kaskazi, bahari shwari. Hatuoni haya kusema kwamba tulitia uso majini kwa miwani, nasi ni watu wazima wenye mvi, na kwamba tulisahau umri wetu. Pono, ambaye kwa usingizi wake twawapigia watu mfano, kule yu macho, anakata matumbawe kwa meno mpaka mlio wake wasikika. Vitatange walikuwa kama vipande vya kanga mpya. Tulitoka tukisabihi. Njiani kurudi, nje ya mpaka, tukampita mvuvi katika mtumbwi akiinua dema lake. Mlikuwa na samaki wawili, wakubwa wake ni kama kiganja. Akatuinulia mkono kwa salamu, na vijana wakamwinulia mikono, ila yule aliyetuuliza juu ya israfu hakuinua wake.

Siku ya tatu baada ya kurejea Nairobi alitujia peke yake. Akatwambia, "Shekhe, swali langu la kwanza halikuwa swali langu." Yeye hufanya kazi katika kiwanda cha kutia nguo rangi, ambacho hatutakitaja. Usiku wa mvua mnyapara humwamrisha afungue mfereji, maji ya rangi yaende mtoni bila ya kusafishwa, yachanganyike na mvua yasionekane. Sharia ya Serikali ya mwaka 1999 yakataza, na anajua. Maji yale huingia Mto Ngong, Ngong ukaingia Mto Nairobi, Nairobi ukaingia Athi, na Athi ndio uitwao Galana na kisha Sabaki, nao humwagika kaskazini ya Malindi, karibu na hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1968. Watu wa Malindi waijua bahari yao jinsi inavyogeuka rangi ya chai wakati wa masika. Mwingi katika huo ni udongo wa mashamba ya bara, wala hatumtwishi kijana mmoja bahari nzima. Lakini kabla ya kufika baharini mto ule hunywesha mboga zinazouzwa katika masoko yetu, na kando yake wako watu wanaouchota. Aya ya 41 ya Sura ya Rum imetaja bara na bahari kwa pamoja katika ufisadi wa mikono ya watu, na kwa miaka mingi tumeisomesha bila ya kukumbuka kwamba ziko mikono ndani ya darsa yetu.

"Amezuiwa yule mzee na dema lake," akasema, "na mimi hajanizuia mtu."

Akauliza: akikataa, atafungua mwingine. Kila alfajiri langoni pale wamesimama vibarua wanaongoja jina lao liitwe. Tulimwambia kwamba kufungua kwa mwingine hakumwondolei yeye dhambi ya kufungua. Na kwamba aseme kwanza na mnyapara kwa adabu. Alisema naye. Jibu alilopewa ni kuoneshwa lango. Hapo tukaona kwamba kumwambia mtu mwenye mke na watoto watatu aache kazi, kisha sisi tukaenda zetu kusali Isha, ni fatwa nyepesi mno kwa mwenye kuitoa. Sayyidna Umar alipomfungia mtu nyasi alijua kuwa itampasa ampe dhahabu.

Tukalileta jambo mbele ya chama. Zilikuwamo fedha za safari ya mwaka huu, ambazo vijana walikuwa wamekwisha anza kuzichanga upya. Baada ya maneno mengi wengi wao waliridhia zigeuzwe ziwe posho ya mwenzao, kila mwezi, mpaka apate kazi nyingine. Watatu wakakataa, wakasema wao walichangia bahari na si kitu kingine. Wakarudishiwa sehemu zao, na hiyo ni haki yao. Kijana aliacha kazi mwezi uliopita, na mpaka twaandika haya hajapata nyingine.