Jani la Mahameli, Liacheni Lipumue

Wajukuu wangu, naona siku hizi mnapenda majani kuliko maua, nami nafurahi. Kijana anayetoka kazini akainamia chipukizi kabla hajawasha televisheni ana moyo wa kulea, na mwenye moyo huo anastahili kuambiwa ukweli mapema. Mimea hii adimu mnayoinunua kwa fedha nyingi huuawa na mkono usiotulia, na mara nyingi mkono huo umeshika kopo la maji.

Chukueni anthuriamu ya mahameli, ile ambayo wataalamu wanaiita Anthurium crystallinum. Kwao ni misitu ya mvua ya Panama na Kolombia. Jean Linden na Édouard André waliitangaza mwaka 1873, enzi ambazo matajiri wa Ulaya walishindana kujaza mimea ya joto kwenye nyumba zao za vioo. Jani lake lina umbo la moyo, kijani kizito, na mishipa yake inameta rangi ya fedha. Ngozi ya juu imejaa vijinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, navyo ndivyo vinavyolipa ule ulaini. Jani changa hutoka na rangi ya shaba, limelegea. Wiki zile za mwanzo msilitie kidole, kwani likibonyezwa linabaki na alama mpaka siku litakapokauka. Na msilipake mafuta ili ling'ae. Mahameli hayang'arishwi.

Mmea huu ni wa jamii moja na magimbi, na hapo ndipo wengi wanapoponzeka. Gimbi tunalijua, linakaa bondeni kwenye tope na linanenepa. Huyu ndugu yake wa Kolombia hushika mizizi kwenye majani yaliyooza na magome ya miti. Mvua inamnyeshea kutwa, lakini maji yanapita tu, na nyuma yake inakuja hewa. Mizizi yake imezoea kulowa na kupumua, kulowa na kupumua. Ukiipandikiza kwenye udongo wa bustani, ukaushindilia na kuumwagilia kila asubuhi, umeizamisha.

Kwa hiyo chungu chake kijazwe vitu vikubwa vikubwa vinavyoachiana nafasi: vipande vya magome ya msonobari, mkaa uliovunjwavunjwa kiasi cha punje za mahindi, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Kwenye makumbi nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wa pwani. Makumbi mengi ya kwetu yamefukiwa kwenye tope la bahari ili yalainike, yasokotwe kamba. Kwa kamba ni sawa kabisa. Kwa mmea huu yale yana chumvi, na chumvi inaunguza ncha za mizizi kabla hujaona lolote juu. Yalowekeni kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, mwageni, lowekeni tena, kwa siku kadhaa. Onjeni maji ya mwisho kwa ncha ya ulimi. Yakiwa bado na ukali wa chumvi, endeleeni. Maji ya kisima cha mjini nayo yaonjeni hivyo hivyo. Penye shaka, kingeni ya mvua.

Kumwagilia hakuna ratiba. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili, kisha nyanyua chungu. Kama ndani bado pabichi na chungu ni kizito, rudi ukakae. Kikiwa chepesi, mwaga maji mengi mpaka yatoke chini, kisha umwage yote yaliyobaki kwenye kisahani. Jani likinyong'onyea huku chungu kimelowa, usiongeze hata tone. Utoe mmea, utazame mizizi. Mzizi mzima ni mgumu, mweupe au wa rangi ya maziwa. Uliooza ukiuvuta kwa vidole, ganda lake linavuka lote na mkononi unabaki na kiuzi chembamba chenye harufu ya mtaro. Mizizi ya hivyo ikateni kwa kisu kisafi, mbadilishe mchanganyiko wote, kisha muwe wavumilivu. Mmea uliopona haukushukuru kesho yake. Unaweza kukaa miezi bila jani jipya.

Unyevu wa hewa unautaka mwingi, asilimia 60 na kuendelea. Aliye Dar es Salaam au Mombasa unyevu huo uko nje ya dirisha lake bure, kisha anafunga madirisha na kuwasha kiyoyozi kinachoufyonza usiku kucha! Utoeni mmea kwenye chumba cha kiyoyozi, uwekeni sebuleni penye dirisha la mashariki na pazia jepesi. Jua la saa moja asubuhi halina neno. La saa sita linaubabua. Wa Nairobi shida yao ni baridi. Usiku wa Julai usiuache umeegemea kioo cha dirisha, maana chini ya nyuzi 15 unasinyaa. Kupulizia majani maji kwa chupa kunawaridhisha ninyi zaidi kuliko mmea, kwani unyevu huo hauchukui muda unakauka.

Utitiri mtauona upande wa chini wa jani pamoja na utando mwembamba. Futeni kwa kitambaa laini na maji ya sabuni kidogo, mkianza na jani moja kwanza. Watoto na paka wasiutafune. Utomvu wake unawasha koo kama gimbi bichi.

Asiye na muda wa haya yote asione aibu. Upo mmea wa jamii hiyo hiyo, Zamioculcas zamiifolia, ambao asili yake ni ukanda wetu wa mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini. Una viazi chini ya udongo vinavyotunza maji, na majani yake yanang'aa yenyewe. Waholanzi walianza kuuzalisha kwa wingi miaka ya 1990, leo uko kwenye ofisi za dunia nzima, na sisi tunaununua kama mgeni. Mimi nampa heshima kubwa. Anzeni naye huyo mwaka mmoja.

Mkiwa tayari kununua wa mahameli, msikimbilie mkubwa wenye bei ya kutisha. Mmea mchanga wenye majani mawili matatu huzoea nyumba yenu upesi zaidi. Muulizeni muuzaji ameutoa wapi, kwa sababu wapo wanaong'oa mimea msituni huko Amerika ya Kusini na kuisafirisha, na kila unaong'olewa unapunguza msitu. Uliokuzwa kitaluni kutokana na mbegu ndio wa kununua. Mwombeni autoe kidogo kwenye chungu muone mizizi. Akikataa, rudini nyumbani na fedha zenu.