Aliyekaza Mwisho

Bolti ya kumwagia oili chini ya injini ya bodaboda ni ya chuma. Shimo lake limechongwa kwenye alumini, ambayo ni laini zaidi. Ikikazwa kupita kiasi, yanayoliwa ni meno ya shimo, na hayaliwi siku moja. Kila oili inapobadilishwa, fundi anaongeza kidogo "ndio isivuje". Wa kwanza anaongeza, wa tano anaongeza, kisha wa tisa anashika spana na bolti inazunguka tu. Hapo jua kali ina sheria yake: iliyofia mkononi mwako ni yako.

Sheria hiyo naiona haina haki, ingawa naelewa kwa nini ipo. Mwenye pikipiki atawatafuta wapi wale wanane? (Huenda mmoja wao ni yeye mwenyewe, na spana ya kuazima.) Lakini tukimbebesha wa tisa gharama yote, tunamfundisha kunyamaza.

Na njia za kunyamaza ni nyingi. Kuna ule utepe mweupe wa mafundi wa mabomba. Kuna gundi ya chuma. Kuna kulazimisha bolti nene kidogo ijichongee meno yake. Hiyo hushika kweli, ila inakula alumini ambayo kesho ingehitajika kwa kazi ya maana. Kazi ya maana inajulikana: unapanua shimo kwa drili, unachonga meno mapya kwa tepu, kisha unaingiza koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, yenye meno ya saizi ya zamani kwa ndani. Bolti ya awali inarudi, na mara nyingi inashika kuliko mwanzo. Lakini lazima chembe zote za alumini zitolewe zisibaki kwenye injini, na hiyo inakula saa.

Sasa mwendeshaji anasema, "Fundi, nifanyie tu ifike jioni, nina hesabu ya mtu." Amekubali mwenyewe, si basi? Hapo ndipo mimi nakwama. Bolti ikichomoka Thika Road, oili inatupwa nyuma kwenye tairi, na juu ya hilo tairi kuna mama na mtoto ambao hakuna aliyewauliza chochote.

Gereji huchanganya mambo mawili. Gharama ni ya wote waliokaza, na kwa kuwa hawapatikani, acha mwenye pikipiki aibebe kama anavyobeba tairi likiisha. Kusema, hiyo ni ya wa tisa peke yake, maana ni yeye tu aliyesikia spana ikizunguka bila kushika. Ameweka gundi? Aseme gundi. Amwambie hata fundi wa kumi, ambaye hawatakutana: tone la rangi nyekundu kando ya bolti lingetosha.

Fundi mmoja niliyemweleza hivyo alicheka. "Mkubwa, hiyo rangi si itanifukuzia wateja?"

Inawezekana. Jirani yake hapaki rangi, na foleni yake asubuhi hufika barabarani.