Hawapo, lakini wamo

Saa 12:35 jioni, Posta, Dar es Salaam. Nimesimamisha stendi ya kamera pembeni mwa Barabara ya Samora, lenzi ikiielekea Sanamu ya Askari. Huku kwetu karibu na ikweta machweo hayamngojei mtu. Jua likishazama una kama dakika 20 za kazi, kisha giza. Nikaacha lenzi wazi kwa sekunde 30. Magari yakazunguka kipilefti, bodaboda zikapenya, watu wakavuka mbiombio kuwahi usafiri wa Mbagala na Gongo la Mboto. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera, kijana aliyekuwa akichungulia begani kwangu akashangaa: "Anko, mbona hamna watu?"

Kweli, alionekana askari wa shaba juu ya jukwaa lake, yalionekana majengo na lami, na juu ya lami ukungu mwembamba kama moshi wa kuni mbichi. Basi.

Nilimjibu kwa mzaha, lakini swali lake nilienda nalo nyumbani. Picha ya namna hii humgawia kila mtu nafasi kwa kadiri alivyotulia. Aliyevuka barabara hakukaa mahali pamoja hata nusu sekunde, kwa hiyo nuru yake ikafunikwa na ya ukuta ulio nyuma yake, ambao haukuondoka. Kamera haikumkosa mtu huyo. Ilimpokea, ikammwaga kwenye fremu kutoka ukingo huu hadi ule.

Tena kijana alisema "hamna", hakusema "hapana" wala "hakuna". Lugha yetu haina "kuwa mahali" kwa jumla tu. Ina yupo, yuko na yumo. Yupo unaweza kumwonyesha kwa kidole. Yuko yu huko, popote huko kulipo. Yumo yu ndani, umwone usimwone: chumvi imo mchuzini, na hakuna aliyewahi kuitoa kwa kijiko. Wapita njia wa Samora hawapo kwenye picha yangu. Wamo.

Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya mtaa wa Boulevard du Temple, Paris, kutoka dirishani juu. Bamba lake lilihitaji dakika kadhaa za nuru. Mtaa ulikuwa na pilikapilika, lakini watu na magari ya farasi vikayeyuka, akabaki mtu mmoja aliyesimama mguu mmoja juu akisafishwa kiatu. Picha hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kabisa kuonyesha binadamu. Jina lake hatulijui. Ila mtazame anayemsafisha: yeye ni kivuli kilichovurugika, kwa sababu alikuwa akifanya kazi. Anayehudumiwa ametulia, akaonekana. Anayehudumu amejongea, akafutika. Sidhani kama ni sadfa ya kemia peke yake.

Nami nilikuwa na muuza kahawa kwenye kona ya fremu yangu. Birika lake alilitua chini, likatoka safi kabisa, hata mkono wake wa kushikia unaonekana. Yeye mwenyewe ametoka miguu tu, ndala na pindo la suruali. Kuanzia magotini kwenda juu hayupo, maana aliinama, akamimina, akapokea chenji, akasuuza kikombe.

Na huyo askari? Sanamu iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliohudumu katika Vita Kuu ya Kwanza. Maandishi yake yanawataja pia wapagazi, waliobeba risasi na chakula kwa miguu, wakafa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa. Wametajwa chini. Aliyesimama juu, bunduki mkononi, ni askari peke yake. Hiyo nayo ni picha ya muda mrefu, tena ya shaba.

Nitaambiwa nimeyakuza mambo, na kwamba hata rangi ingenisaidia. Pengine. Kwenye picha ya rangi, nyuzi nyeupe za taa ni magari yanayokuja na nyekundu ni yanayokwenda. Kwenye nyeusi na nyeupe, kama hii yangu, zote ni nyuzi moja, hujui nani anaingia mjini na nani anarudi kwake. Hasara hiyo naikubali, kwa sababu inanibakizia kijivu, rangi tuliyoipa jina la jivu. Na jivu halisemi hapakuwa na kitu, linasema paliwaka.

Alexey Titarenko, mpiga picha Mrusi, alilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, dola la Kisovieti limekwisha kuvunjika, alipiga umati ukipanda ngazi za kituo cha treni ya chini ya ardhi, St Petersburg. Umati umekuwa wingu. Lakini pembeni, kwenye chuma cha kushikilia, mikono inaonekana wazi, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa walioshika walishika kwa nguvu.

Wapiga picha wenzangu, ombi langu ni dogo. Msiandike "jiji tupu" chini ya picha hizi. Andikeni saa, mahali, na lenzi ilikaa wazi sekunde ngapi.